Ganzi ya mkono inaisha saa sita usiku: tuongeze dawa gani, na tuipitishe wapi?

#1 MlinziWaUsingizi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mtoa dawa ya usingizi kwenye hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa kumi na mbili sasa. Uzi huu nimeuahirisha tangu Pasaka, ila leo nimetoka zamu nikasema lazima niuandike. Ni kuhusu wagonjwa tunaowafanyia upasuaji wa mkono kwa ganzi badala ya nusu kaputi, na yanayowapata usiku wake.

Kuna kijana wa bodaboda aligongana na Noah. Mifupa yote miwili ya kigasha ilivunjika, akaletwa kuwekewa vyuma. Saa nne na nusu asubuhi nikamchoma ganzi juu ya mtulinga, bupivakeini ya asilimia 0.5, mililita 20. Kwenye ultrasaundi neva zilionekana wazi, zimekaa kama kichala cha zabibu pembeni ya mshipa mkubwa wa damu, juu ya ubavu wa kwanza. Dawa ikazizunguka vizuri. Dakika ishirini baadaye mkono ulikuwa gogo. Daktari akafanya kazi yake kwa muda wa saa mbili kasoro, mgonjwa yuko macho anatuhadithia habari za Simba na Yanga. Wakati wa kutoka alinishika kwa ule mkono mzima akasema, "Kaka, sijasikia kitu." Nikarudi nyumbani roho kwatu.

Kesho yake napita wodini nakuta macho mekundu. Ganzi ilianza kuachia saa sita usiku, na kufika saa saba kijana alikuwa analia machozi, mtu mzima. Sista alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya thelathini. Morfini iko kwenye kabati la kufuli, ufunguo uko kwa mkuu wa zamu, naye alikuwa jengo jingine. Akachomwa diklofenaki, lakini diklofenaki ikija wakati maumivu yameshapanda haifui dafu. Alilala alfajiri, kwa kuchoka.

Nimekaa na hesabu ile siku kadhaa. Bupivakeini peke yake, ikiwekwa vizuri juu ya mtulinga, inampa mtu saa kumi mpaka kumi na tano hivi. Wengi tunawachoma kati ya saa tatu na saa sita mchana. Maana yake tunawapangia maumivu yaanze usiku wa manane, wakati ambao wodi ina watu wachache kuliko saa nyingine yoyote. Upasuaji mzuri, ganzi nzuri, usiku mbaya. Na yale maumivu ya ganzi kuachia ghafla huwa makali kuliko ya aliyepewa nusu kaputi, kwa sababu huyu wa nusu kaputi anaamka anaumwa, anapewa dawa kidogo kidogo tangu mwanzo. Wa ganzi anatoka sifuri mpaka juu kabisa ndani ya saa moja.

Kuongeza dawa ili ganzi irefuke si jambo la jana. Carl Koller alionyesha mwaka 1884 kwamba kokeini inatia ganzi jicho, na haukupita muda William Halsted kule New York akawa anafunua neva za mkono kwa kisu na kuzichoma kokeini. Mwaka 1903 Heinrich Braun wa Ujerumani akaeleza namna ya kuchanganya ganzi na adrenalini, ili mishipa ya damu ibane na dawa ikae pale ilipowekwa. Bado tunaitumia, mikrogramu 5 kwa kila mililita. Kwa lignokeini, ile ganzi ya muda mfupi, inasaidia kweli. Kwa bupivakeini muda inaouongeza ni mdogo. Faida yake kubwa ni kwamba sindano ikiwa imeingia kwenye mshipa wa damu, mapigo ya moyo yanapanda nawe unasimama mapema.

Ila dawa ninayotaka tuizungumze ni deksamethasoni. Mnaijua wote. Ndiyo wanayochomwa wajawazito wanaoelekea kujifungua kabla ya siku zao, mapafu ya mtoto yakomae. Ndiyo iliyovuma Juni 2020 wakati wa UVIKO. Iko karibu kila hospitali, bei yake haitishi. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 35 ya ganzi ya neva, karibu yote ya mkono, wagonjwa 2,702. Deksamethasoni iliyowekwa kwenye neva pamoja na ganzi ilirefusha ganzi kwa karibu saa 6.7 kuliko ganzi tupu. Iliyochomwa kwenye mshipa wa damu, mbali kabisa na neva, ikarefusha kwa karibu saa 6.2. Majaribio yaliyozipambanisha njia hizi mbili ana kwa ana yaliipa ile ya kwenye neva saa tatu zaidi.

Kijana wangu angeongezewa saa sita, maumivu yangemkuta saa kumi na mbili asubuhi. Kuna mwanga, zamu mbili zinapokezana, uji unakuja, daktari yuko njiani. Maumivu yenyewe yangekuwepo, sitadanganya mtu hapa. Lakini yangemkuta ana watu.

Msimamo wangu: deksamethasoni miligramu 8 kwenye kanyula, ule mrija wa kwenye mshipa wa damu, sindano ya neva ibaki na dawa ya ganzi tu. Nyinyi huko mnafanyaje?

#2 MtuWaUyole

Mimi si mtu wa hospitali, ni dereva. Ila nimesoma nikaona nimeandikwa mimi, ingawa mimi nilivunjika mkono wa juu na ilikuwa hospitali nyingine.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba ganzi itaisha. Najua mtanishangaa. Mtu ukikaa siku nzima mkono hauumi unadhani ndiyo umepona, vyuma vimekaa. Nilikula wali, nikampigia mke wangu nikamwambia asije usiku, niko salama. Mkono ulikuwa umelala kifuani kama wa mtu mwingine, nikawa naugusa naona ngozi ya moto lakini si yangu. Saa nane usiku vidole vikaanza kama sisimizi wanatembea. Sikujua kwamba hao sisimizi ndio dalili. Kama ningejua ningeita mtu palepale. Nilingoja nione, na ndani ya nusu saa nilikuwa nimeuma shuka.

Dawa za kuongeza muda mtajuana wenyewe wataalamu. Naomba tu mtu aambiwe.

#3 SistaWaZamu

Kaka Mlinzi, pole na kazi. Mimi ndiye yule sista wa peke yake, maana kila wodi ya mifupa anaye mmoja. Nakuunga mkono, ila nina hofu moja na nitaisema wazi.

Mkono uliovunjika unavimba. Ukiwa ndani ya plasta, au hata bila plasta, uvimbe unaweza kubana mpaka damu isipite kwenye misuli. Sisi wodini dalili ya kwanza tunayoitegemea ni mgonjwa kulia kwa maumivu yasiyolingana na jeraha, na kuumia ukimnyoosha vidole. Wewe ukimpa ganzi ya saa ishirini, nani atalia? Mwaka juzi tulimpokea mtu wa kigasha kilichopondwa na mashine ya kusaga, mkono una ganzi, vidole vimepauka na kuwa baridi, yeye anatabasamu. Bahati daktari wa zamu alipita mapema akapasua plasta. Ningekuwa namsubiri alie, tungepoteza mkono.

#4 MlinziWaUsingizi

MtuWaUyole, pole sana kaka. Umesema jambo ambalo nimelikosea miaka mingi. Namweleza mgonjwa jinsi ganzi inavyoingia, sijawahi kumweleza inavyotoka.

Dada Sista, hofu yako ni ya kweli na sitaipuuza. Kwangu mimi mkono uliopondwa, au kigasha kilichovimba sana kabla hata ya upasuaji, sirefushi ganzi. Nakaa na daktari wa mifupa kabla, tunakubaliana. Akisema anaogopa kubanwa kwa misuli, nampa ganzi ya lignokeini ya muda mfupi, au nusu kaputi. Kwa wengine, wodi ichungulie vidole kila saa: rangi, joto, damu inarudi kwa muda gani ukiminya ukucha. Ganzi haifichi rangi ya kucha. Na mkono ukae kwenye kombeo, usining'inie pembeni ya kitanda wala kulaliwa, maana mgonjwa hasikii hata akiuegemeza kwenye chuma.

#5 DaktariChipukizi

Shikamoo mkuu. Niko mwaka wa pili wa kusomea usingizi.

Naomba nipinge kwa heshima. Umetaja mwenyewe kwamba ukiiweka kwenye neva unapata saa tatu zaidi. Saa tatu kwa mgonjwa si kidogo. Kuna na kazi zinazoonyesha miligramu 4 zinatosha pale kwenye neva, huhitaji 8. Kwa nini tuziache hizo saa? Na wenzetu wanatumia deksamedetomidini, ile dawa ya kutuliza, mikrogramu 50 mpaka 60, ganzi inarefuka kwa zaidi ya nusu. Midazolamu na ketamini je, ambazo ziko kabatini kila siku?

#6 MlinziWaUsingizi

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, nijibu kwa urefu kidogo.

Saa tatu sizidharau. Lakini jiulize zinaangukia wapi. Mgonjwa aliyechomwa saa nne na nusu, kutoka saa sita usiku kwenda saa kumi na mbili asubuhi nimemvusha usiku. Kumpeleka mpaka saa tatu asubuhi ni vizuri, ila mzigo mkubwa nimeshautua. Kwa ajili ya hizo saa za mwisho ninaweka karibu na neva dawa ambayo haikusajiliwa kwa kazi hiyo. Kwa miaka yote hii madhara ya kudumu kwenye neva hayajajitokeza kwenye majaribio, nakubali, lakini madhara ya nadra hayaonekani kwa majaribio ya wagonjwa mia mia. Na angalia jambo hili: dawa iliyoingia kupitia mkono wa pili inarefusha ganzi karibu sawa na iliyomwagwa juu ya neva yenyewe. Kwangu hiyo inaonyesha kazi kubwa inafanyika kupitia damu. Njia ya kanyula pia inapunguza kichefuchefu na inapooza yale maumivu ya ganzi kuachia.

Mgonjwa wa mchana nakubali hesabu inabadilika. Ukimchoma saa nane mchana, bupivakeini tupu inaisha alfajiri.

Deksamedetomidini ni dawa nzuri na ndiyo inayoshindana kwa kweli. Tatizo ni mapigo ya moyo kushuka, presha kushuka, na mtu kusinzia. Kwenye chumba cha kuamkia chenye mashine na mtu wa kuangalia, sawa. Kwenye wodi ya dada Sista hapo juu, hapana. Kumbuka pia inarefusha na kulegea kwa mkono, si ganzi ya maumivu tu. Klonidini ni ndugu yake, inaongeza kama saa mbili na ina madhara yaleyale. Buprenofini inarefusha vizuri ila wagonjwa wanatapika.

Midazolamu usiiweke kwenye neva. Kwenye maabara imeonyesha kuua seli za neva. Ketamini haikurefusha ganzi, iliwaletea watu maruweruwe tu. Dawa kuwa kabatini si sababu ya kuiingiza kwenye sindano.

#7 JiraniWaLimuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni muuguzi, usingizi nilisomea Kijabe.

Hapa nilipo sasa ultrasaundi iko moja na inatumiwa na wodi ya akina mama, kwa hivyo ganzi nyingi tunadungia kwapani. Mapafu yako mbali na sindano, nalala usingizi. Deksamethasoni ya kwenye mshipa nimeitumia miaka mitatu na ninakubaliana nawe, lakini kuna mambo mawili hujayasema.

Usiisukume haraka mgonjwa akiwa macho. Nilifanya hivyo mara ya kwanza kwa mama mmoja wa makamo, akaruka kitandani akilia kwamba anaungua sehemu za siri. Huo mwasho hudumu sekunde chache tu na hauachi dhara, lakini mama aliona haya mpaka akatoka hospitali hajaniangalia usoni, nami nilijiona vibaya mno. Sasa naiweka kwenye chupa ndogo ya maji ya chumvi, inatiririka dakika kumi, na ninamwambia mapema.

La pili, anayefanyiwa bega kwa ganzi ya shingoni. Ile ganzi hulaza pia neva inayoendesha msuli wa kupumulia upande huo. Ukiirefusha ganzi umerefusha na hilo. Mtu mwenye pafu moja lililoharibiwa na kifua kikuu atapumua kwa taabu usiku kucha.

#8 MfamasiaWaDirishani

Mleta uzi asante. Naongezea la upande wangu.

Kwa wale watakaoamua kuweka kwenye neva hata hivyo: someni lebo. Deksamethasoni nyingi zinazoletwa zina kihifadhi, nyingine pombe ya benzili, nyingine ya aina nyingine. Ya kwenye neva inatakiwa isiyo na kihifadhi, na mara nyingi hiyo hamtaipata dirishani. Pia ikichanganywa na ropivakeini inaweza kuganda na kufanya chembechembe ndani ya sindano. Nimeletewa bomba la sindano limekuwa kama maji ya mchele, nikaulizwa kama litumike. Hapana, likatupwe.

Na kila bomba liandikwe. Dawa mbili ndani ya bomba moja lisilo na maandishi ni ajali inayosubiri mtu.

Msisahau kwamba nyongeza haiongezi kiwango halali cha bupivakeini. Mgonjwa wa kilo 60, kwa miligramu 2 kwa kilo, mwisho wake ni miligramu 120, yaani mililita 24 za asilimia 0.5. Na kabla ya kuchoma uliza mafuta ya kuchomwa kwenye mshipa ya asilimia 20, yale ya kuokoa mtu aliyedhuriwa na ganzi, yako wapi, maana bupivakeini ikishika moyo unahitaji mililita 1.5 kwa kilo papo hapo, si kesho.

#9 BintiMkubwa

Shikamooni madaktari. Mama yangu ana miaka 67, kisukari mwaka wa kumi na nne, ameanguka bafuni amevunjika kifundo cha mkono. Atafanyiwa Alhamisi, wamesema ganzi. Nimesoma hapa naogopa hiyo deksamethasoni, si inapandisha sukari?

#10 MlinziWaUsingizi

Marahaba dada, pole kwa kuuguza.

Ganzi kwa mama ni chaguo zuri. Hataharibikiwa na tumbo, atakula mapema na kurudi kwenye dawa zake za sukari siku hiyohiyo. Ni kweli deksamethasoni inapandisha sukari, kwa kawaida ndani ya siku ile moja. Haimaanishi ni marufuku, inamaanisha apimwe mara kwa mara mpaka kesho yake, na wengine tunashusha dozi au tunaiacha. Mwenye kisukari cha miaka mingi neva zake mara nyingi zinakaa na ganzi muda mrefu zaidi hata bila nyongeza, kwa hiyo huenda mama hahitaji kuongezewa chochote. Kama ana kidonda chenye usaha popote, mwambie mtoa usingizi kabla.

Siku ya Jumatano omba kuonana naye. Muulize ganzi itaisha saa ngapi, na mama ameze nini kabla ya saa hiyo. Parasetamoli kwa kawaida haina tatizo kwake. Ibuprofeni na diklofenaki asipewe kabla figo zake hazijapimwa.

#11 BintiMkubwa

Asante sana daktari. Nimeandika kwenye karatasi.

#12 MlinziWaUsingizi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Baada ya maneno ya MtuWaUyole nilikaa na wodi yetu. Tumekubaliana jambo dogo. Nikimaliza kuchoma ganzi nakata kipande cha plasta nyeupe ya kubandika, naandika kwa kalamu ya wino mzito: GANZI SAA 5:00 ASUBUHI. DAWA YA KUMEZA SAA 2 USIKU, TENA SAA 8 USIKU. SISIMIZI = ITA SISTA. Naibandika kwenye mkono mzima, si ule wenye ganzi, maana ule haangalii mtu. Parasetamoli na ibuprofeni vinamezwa kwa saa, mgonjwa anaumwa au haumwi. Morfini kidogo inaandikwa mapema kwenye faili, na ufunguo usiku unakaa wodini. Deksamethasoni miligramu 8 inapitia kwenye kanyula, kwa dripu ya taratibu kama alivyoshauri jirani wa Limuru.

Ni wagonjwa tisa mpaka sasa, sitajidai nimefanya utafiti. Wawili bado waliamka usiku, mmoja wao vibaya. Saba walivuka.

#13 DaktariChipukizi

Mkuu, huyo mmoja aliyeamka vibaya alikuwa wa nini?

#14 MlinziWaUsingizi

Kiwiko. Nilichoma kwapani, na nadhani neva moja sikuifikia vizuri, kwa sababu hata mchana alisema upande wa nje wa kigasha unamchoma kwa mbali. Ganzi isiyokaa vizuri tangu mwanzo hakuna dawa itakayoirefusha. Nilitakiwa nimrudie palepale, sikumrudia.

#15 SistaWaZamu

Kaka, kwetu pia nimeanza na hizo plasta, nimemwomba mtoa usingizi wetu akakubali. Niko zamu sasa hivi naandika. Kuna fundi seremala alikatwa na msumeno kano za vidole viwili, akachomwa ganzi jana saa tano asubuhi, deksamethasoni ya kwenye mshipa. Usiku nimemchungulia vidole kila saa, vya moto, kucha nyekundu, yeye anakoroma. Sasa ni saa moja na robo asubuhi, amekaa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Ameniita ananionyesha maandishi kwenye plasta, anasema sisimizi wamefika. Dozi yake nimeshampa, daktari ndiyo anaingia mlangoni.